Mchezo wa Njiti pale Mlowo

Ndugu zangu, amani iwe kwenu. Nitasimama hapa mbele kadiri miguu itakavyoniruhusu, na ikichoka nitaomba kigoda, msinione sina adabu. Mzee wa kanisa ameniita nieleze nilivyougua na nilivyopona. Akanionya nisitaje jina la mtu. Sitataja. Wengi wenu mnaijua habari hii vipande vipande, wengine mlikuwepo siku yenyewe, na kila mmoja anaisimulia anavyopenda. Leo isikieni kwangu. Nawaambia mapema, habari hii ina hasira ndani yake. Nilijaribu kuitayarisha bila hasira, nikaona si yangu tena.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa dereva. Udereva niliupata vitani, mimi na vijana wengine wa Mbozi tuliochukuliwa kwenda Burma. Huko nikaumia mguu, nikalazwa hospitali ya jeshi kule India, na askari mmoja wa Kihindi aliyelala kitanda cha jirani akanifundisha mchezo wa sataranji. Kwa wale msioujua, ni ubao wa miraba, kila mtu ana jeshi lake: mfalme, waziri, tembo, farasi, na askari wa miguu mstari wa mbele. Unamwinda mfalme wa mwenzako mpaka akose pa kukimbilia. Hakuna bahati ndani yake. Ukishindwa, umeshindwa kwa akili yako mwenyewe. Mimi niliupenda kwa sababu hiyo. Vitani tulikuwa tunakufa kwa bahati mbaya na kupona kwa bahati nzuri, na nilikuwa nimechoka na bahati.

Niliporudi, tajiri mmoja mwenye duka pale Mlowo alinipa lori lake. Nilikuwa napeleka mahindi na kahawa Mbeya, narudi na chumvi, nguo na mafuta ya taa mpaka Tunduma. Jioni lori likilala, nilikuwa nakaa baraza ya duka. Nilichonga kete zangu kwa mti wa mkahawa, nikachora ubao kwenye kipande cha sanduku, nikawafundisha waliotaka.

Mmoja wa niliowafundisha alikuwa utingo wangu. Utingo ni yule msaidizi wa lori, anayepakia mizigo, anayeweka gogo nyuma ya gurudumu mlimani. Alikuwa mtu mzima kama mimi, kanizidi nguvu, kapungukiwa miaka michache tu. Mtoto wa jirani yetu huyo. Nilimtoa shambani kwa baba yake, nikamwombea kazi kwa tajiri, nikamfundisha kushika usukani kwenye barabara tambarare. Tulikula sahani moja. Aliniita kaka, na mimi nikalizoea jina hilo mpaka nikasahau kwamba hatukuzaliwa tumbo moja.

Ndugu zangu, mimi nilicheza polepole. Nilikuwa naweza kukaa na kete moja kichwani mpaka muuza maandazi afunge biashara. Nilitaka kuona njia zote kabla sijainua mkono. Na kwa sababu hiyo hakuna aliyenishinda barazani, huyo utingo akiwemo. Alikuwa mwepesi wa akili, sitamnyima haki yake. Aliona jambo zuri haraka kuliko mimi. Lakini nikimpa muda alikuwa anaona na jambo la pili na la tatu, anachanganyikiwa, anaharibu.

Siku moja aliniambia, "Kaka, wewe hushindi. Unatuchosha tu mpaka tunakubali."

Watu wakacheka. Nikacheka na mimi.

Sasa sikilizeni hapa. Tulikuwa tunatoka Tunduma na mzigo, jua kali, lori likachemka njiani. Nikashuka, nikafungua kifuniko cha rejeta kwa mkono mtupu wa kushoto. Mvuke ukatoka, maji yakanirukia vidoleni. Nikaweka kifuniko juu ya bodi, nikaendelea kuzungumza. Nilikuwa nazungumzia nini sikumbuki. Nakumbuka utingo aliacha alichokuwa anafanya.

"Kaka, huungui?" akaniuliza.

"Mkono wa dereva umekufa ganzi na usukani," nikamjibu.

Hata mimi niliamini hivyo. Mkono wa kushoto ulikuwa na ganzi tangu masika, na nilikuwa na baka begani lisilotoa jasho, nikadhani ni fangasi ya jeshini. Yeye alinitazama mkono, kisha akachota maji mtoni, tukajaza rejeta, tukaondoka. Njia nzima hakusema neno.

Haikupita muda mrefu, akaja barazani na mchezo mpya. Akasema sataranji ya polepole ni ya wazee, sasa tucheze ya njiti. Mwenye zamu anawasha njiti ya kiberiti, anaishika kwa mkono wa kushoto, na lazima acheze kabla moto haujafika vidoleni. Akiitupa hajacheza, ameshindwa. Watu waliupenda mchezo ule kuliko kitu chochote nilichowahi kuwaletea. Waliochoka kunitazama nikifikiri sasa walijaa barazani, wanapiga kelele, wanacheka mtu akirusha njiti na kunyonya kidole. Mimi nilikaa pembeni. Nikasema huo si mchezo wa sataranji, huo ni mchezo wa kuungua.

"Unaogopa," akasema, mbele ya watu wote, na tajiri yuko mlangoni. "Kaka anaogopa kwa sababu huku hakuna mahali pa kulala."

Nikakaa ubaoni.

Nilicheza vizuri mwanzoni. Kisha akaninyemelea waziri wangu kwa farasi wake, nikaona hatari, nikawasha njiti, nikainama juu ya ubao nitafute njia. Niliitafuta kwa makini kama kawaida yangu. Nikaona kwamba nikimsogeza tembo ninapona, na nikifanya hivyo farasi wake anakwama. Nikafurahi. Nikanyoosha mkono wa kulia kwa tembo, na hapo ndipo nikagundua kwamba baraza nzima imenyamaza. Nikasikia harufu ya nyama. Nikainua macho. Watu walikuwa hawatazami ubao, walikuwa wanatazama mkono wangu wa kushoto. Njiti ilikuwa imekwisha, makaa yake yamelala kwenye kidole changu, ngozi imebadilika rangi, na mimi nimekaa kama mtu aliyeshika ua.

Yule niliyekula naye sahani moja hakupaza sauti. Alisema taratibu, kama mtu anayeonyesha njia, "Mwangalieni. Hasikii."

Neno hilo lilinitosha mimi, na liliwatosha wao. Kwetu hapa kila mtu anajua ni ugonjwa gani humfanya mtu asisikie moto: ukoma. Benchi likaanguka. Aliyekuwa ameniegemea begani akaruka hadi barabarani. Tajiri wangu, ambaye mizigo yake niliipitisha kwenye matope mwaka hadi mwaka, akaniambia kutoka ndani ya duka niweke ufunguo wa lori chini, nisimpe mtu mkononi. Nikauweka chini. Walilimwagia lori maji ya moto. Kete zangu na ubao wakazitia kwenye moto pale pale barazani, na aliyezikusanya kwa kijiti na kuzisukuma motoni alikuwa yeye.

Nyumbani habari ilinitangulia. Mke niliyekuwa naye wakati ule alichukuliwa na kaka zake kabla sijafika mlangoni. Simlaumu, alikuwa binti mdogo na hakuulizwa. Jumbe akasema nijengewe kibanda mbali na kisima. Sikukisubiri. Nikaondoka kwa miguu, nikashika njia ya Ileje, nikapita Isongole, nikavuka mto Songwe kwenda kwa shangazi yangu upande wa Nyasa. Nilidhani huko hawajasikia.

Shangazi aliniona kwa mbali tu akajua nimebeba jambo. Nikamweleza nikiwa nimesimama uani. Alilia, kisha akaingia ndani, akaleta ugali na maharage, akaweka sahani kwenye jiwe, akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Mwanangu, nisamehe kwa kuweka chini," akasema. "Nina wajukuu humu ndani. Kula ushibe. Kisha nitakuonyesha njia ya kwenda kwenye kambi ya wagonjwa, huko milimani kwenu. Wapo walioingia huko wakatoka."

Ndugu zangu, huyo ndiye mtu wa kwanza aliyesema neno kutoka. Amekwisha kufariki, na namshukuru hapa kwa sababu kaburi lake liko ng'ambo na siwezi kwenda kila nitakapo.

Kambini nilipokelewa vizuri. Wauguzi walinishika mkono bila kufumba macho. Mwanzo kulikuwa na sindano za mafuta, zinauma kama kupigwa shoka, na faida yake haikuonekana. Baadaye vikaja vidonge vipya. Lakini mwaka ule wa kwanza sikuwa nafikiria dawa. Nilikuwa namfikiria yeye. Habari ilinifikia kwamba tajiri amempa lori. Hapo kifuniko cha rejeta kikanirudia kichwani, na ule ukimya wa njia nzima. Nikaelewa kwamba mchezo wa njiti haukuja wenyewe. Aliutunga kwa ajili yangu. Alikaa mahali fulani, yeye asiyeweza kufikiri polepole, akafikiri polepole kuliko nilivyowahi kufikiri mimi, akaniwekea mtego mbele ya watu wote wa Mlowo.

Asubuhi nikifungwa vidonda nilikuwa nikimwona anaendesha. Nilijua kila kona ya barabara ile, nikawa namfuata kona kwa kona, na kila daraja nilitamani limsaliti. Mwinjilisti wa kambi alitufundisha kusamehe. Nilikuwa naimba na wenzangu nikifika kwenye neno hilo nafunga mdomo.

Pale kambini palikuwa na mama mmoja wa Kinamwanga, kutoka upande wa Tunduma, mjane. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja. Siku moja alinikuta nachonga kete, akaniuliza ni wanasesere wa nani. Nikamfundisha. Alijifunza kwa kipindi kifupi cha kuaibisha. Alisukuma kete kwa upande wa kiganja, na alikuwa hana subira hata kidogo.

"Dereva, cheza," alikuwa akiniambia. "Mvua itanyesha na itakatika wewe bado unamtazama farasi."

Nikamweleza kwamba sataranji ya kweli ni ya kufikiri. Nikamsimulia habari ya njiti, kwa uchungu wangu wote, nikamwambia mchezo wa haraka ni wa wahuni, umenimaliza, na siku nikipona nitarudi Mlowo nimkalishe mtu yule kuanzia asubuhi, nimtafune polepole, watu waone nani ana akili.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ulipokuwa kwenye mteremko na mzigo, ng'ombe akakatiza barabara, ulikaa ukafikiri?"

"Hapana."

"Ulifanya nini?"

"Nilikanyaga breki, nikakata usukani."

"Bila kujua unafanya nini?"

Nilijua kabisa nilichokuwa nafanya. Mkono ulijua, mguu ulijua, nilikuwa nimejifunza miaka mingi ili siku hiyo nisihitaji kuuliza.

"Basi na huo ni ufahamu," akasema. "Usiniambie ni uhuni. Wewe unacheza polepole kwa sababu unaogopa kukosea. Na mtu huyo ukimshinda polepole, atasema kama alivyosema, kwamba umemchosha. Mshinde huko huko alikokuchekea."

Tukaanza kucheza kwa makofi. Hatukuwa na saa, na njiti sikutaka kuiona. Wagonjwa wenzetu wakikaa kutuzunguka, mwenye zamu anapigiwa makofi matatu ya taratibu. La tatu likilia hajacheza, ameshindwa. Alinishinda msimu mzima. Nilikasirika, nikataka kuacha. Kisha kidogo kidogo mkono wangu ukaanza kwenda mahali penye maana kabla sijajua sababu, na nikiitafuta sababu baadaye naikuta ipo. Nikaona kwamba miaka yote ile ya kufikiri polepole haikupotea, ilikuwa imeingia mwilini. Lakini bila makofi yale nisingejua kama imeingia.

Na vidonge vikafanya kazi. Mabaka yakafifia, vidonda vikafunga. Vidole viwili vilikwisha kwenda, mnaviona havipo, na ganzi haikuondoka. Lakini ugonjwa wenyewe ulikufa. Daktari alinipima, akanipima tena baada ya muda, akasema sina cha kumwambukiza mtu. Yule mama naye akapimwa, naye hana. Tukafunga ndoa kambini, na wengi wenu mnamjua, yule pale karibu na dirisha anayeinamisha kichwa kwa sababu nimemtaja.

Tulipotoka, alitaka tuje moja kwa moja huku Hasamba, kwenye shamba la marehemu baba. Nikamwambia tutapita Mlowo kwanza. Hakuniuliza kwa nini. Alinipa mfuko wa kete.

Nilikwenda zahanati, nikamwomba dresa, mganga msaidizi wa pale, anisindikize barazani. Alikuwa mtu mwenye heshima na asiyependa maneno mengi. Alinipima mwenyewe, akafunga zahanati, akaja. Barazani palikuwa na watu, tajiri akiwa mlangoni kama zamani, na utingo wangu wa zamani amekaa na kofia ya udereva gotini. Mchezo wa njiti ulikuwa bado unachezwa. Yeye ndiye alikuwa bingwa wake.

Waliponitambua wakaanza kusogea. Dresa akanishika mkono huu wenye vidole pungufu, akauinua, akasema, "Mtu huyu amepona. Nimempima leo. Anayemkimbia anakimbia kivuli."

Kisha akakaa karibu yangu, bega kwa bega.

Nikamwambia yule bwana, "Nimekuja tucheze."

Alisimama. Alikuwa amenenepa. Akasema, "Kaka, nilifanya vile kwa usalama wa watu. Ungeambukiza watoto. Ningemwambia tajiri kimya kimya, angesema naitaka kazi yako."

Ndugu zangu, nilikuwa nimejiandalia majibu mengi kwa miaka mingi. Nikatoa moja tu.

"Ungeniambia mimi. Tulikuwa wawili ndani ya lori, kutoka Tunduma mpaka hapa. Ungeniambia mimi."

Watu waliokuwa wamesogea mbali wakaanza kusogea karibu, kwa sababu hilo la ndani ya lori walikuwa hawalijui. Tajiri akatoka mlangoni. Nikawasimulia rejeta. Nikamwuliza kama nasema uongo, akatazama kofia yake.

Akasema haraka, "Haya, tucheze. Tucheze ya polepole unayoitaka."

"Hapana," nikasema. "Ya haraka. Lakini si kwa njiti, maana mimi siungui na wewe utasema nimekuonea. Kwa makofi."

Nikawaeleza sheria. Nikamwaga kete zangu ubaoni. Hapo ndipo nilipoona uso wake ukibadilika. Zilikuwa kete za kambini, zimechongwa na mikono ya wagonjwa, zimeshikwa na wagonjwa mpaka zimeng'aa. Alitoa leso mfukoni, akazungushia vidole.

"Unaendesha lori na leso?" mtu mmoja akauliza, wakacheka.

Nitawaambieni ukweli, kwa sababu niko mbele ya Mungu. Niliona hofu yake, nikaitumia. Katika sataranji, ukimla mwenzako lazima ushike kete yake uitoe ubaoni. Basi kila nilichomwekea mbele nilikishika kwanza kwa kiganja kizima, nikakigeuza, nikakiweka. Leso ikawa inateleza, kete zinaanguka, makofi yanalia. Kofi la kwanza, anainama. La pili, anaokota. Alikuwa anacheza vizuri hata hivyo, wepesi wake wa akili ulikuwa pale pale, na katikati ya mchezo alinizidi. Mfalme wangu alikuwa amebanwa kwenye kona. Leso ikaanguka chini, na muda wa kuiokota haukuwepo.

Nikamshika waziri wangu. Nikamkumbatia mkononi, nikamtazama yule bwana machoni, nikamweka waziri karibu kabisa na mkono wake, mahali ambapo angeweza kumla bure. Sikuwa na njia nyingine. Angemla, nisingekuwa na pa kwenda, mchezo ulikuwa wake. Na aliiona njia hiyo, niliona kwamba ameiona, maana mkono ulianza safari mara ile ile.

Kofi la kwanza. Mkono wake ukafika juu ya waziri.

Kofi la pili. Vidole vikafunguka, vikabaki hewani.

Watu hawakuharakisha. Kofi la tatu likalia, na vidole vyake vilikuwa bado hewani, mbele ya kipande cha mti.

Dresa akanyoosha mkono, akamwokota waziri, akampangusa kwa kidole, akanirudishia. Hakuna aliyeshangilia. Walikuwa wanautazama mkono wa mtu, kama walivyoutazama wangu.

Akasema, "Huo si mchezo. Hamkuona? Ningemla waziri, ningemmaliza. Tucheze tena, polepole."

"Huo si mchezo," nikamwambia. "Ndivyo nilivyosema na mimi."

Nikakusanya kete zangu, nikaondoka na mke wangu. Na nitawaambia jinsi nilivyojisikia, kwa kuwa nimeombwa kushuhudia na sikuombwa kujipamba. Nilijisikia vizuri. Njia nzima kuja Hasamba nilikuwa najisikia vizuri, na usiku nikalala bila kuzifuata zile kona za barabara, kwa mara ya kwanza tangu niliposhushwa kwenye lori.

Sikurudi kwenye udereva. Tajiri aliniita, lakini mkono huu haushiki usukani mteremkoni, na hata ungeshika, ufunguo niliouweka chini nisingeuokota mbele yake. Nina kahawa yangu. Mke wangu ana bustani. Kule Mlowo bado wanabishana. Wapo wanaosema nilimshinda kwa woga wake na si kwa sataranji, kwamba mchezo wa makofi ni wa kuchekesha watu, na kwamba ubaoni alikuwa amenizidi. Mimi siwabishii kuhusu ubao. Alikuwa amenizidi. Lakini nilikaa kwenye mchezo huo na vyote nilivyo navyo, na yeye akakaa na vyote alivyo navyo, na makofi matatu yakatosha kuonyesha kipi kipo na kipi hakipo. Mtu asiniambie ulikuwa upuuzi. Hata ule wa njiti haukuwa upuuzi. Ulikuwa ubaya, na hilo ni jambo jingine.

Sasa nishukuru. Namshukuru shangazi yangu, aliyeweka sahani chini akaniomba radhi. Nawashukuru wauguzi wa kambini waliotufunga vidonda kila asubuhi, na daktari, na Mungu aliyeruhusu vidonge vile vifike huku kwetu milimani. Namshukuru dresa aliyefunga zahanati kwa ajili yangu. Namshukuru mama yule pale karibu na dirisha, ambaye hadi leo ananishinda kwa makofi matatu. Tajiri simshukuru.

Na neno la kuwaachia ni hili. Jitazameni miili yenu. Ukiona baka lisilotoa jasho wala kusikia mguso, nenda zahanati sasa, dawa ipo na watu wanapona, mimi ni mmoja wao na siko peke yangu. Na ukiliona kwa mwenzako, mwambie. Mwambie yeye, mkiwa wawili, kabla hujamwambia mtu mwingine. Atakuchukia siku mbili tatu, kisha atakwenda kutibiwa akiwa na mke wake, na nyumba yake, na vidole vyake vyote.

Mchungaji ameniuliza mara nyingi kama nimesamehe. Nimemjibu kwamba naendelea kusali. Mke wangu ananiambia mpe mchezo mmoja wa polepole, atosheke, yaishe. Kwa sababu huyo mtu anautaka mchezo huo kuliko anavyotaka chakula. Anaamini akipata muda wa kufikiri atanishinda, na huenda ni kweli, siku hizi anajifunza sana. Ameniomba sokoni, ameniomba msibani, ameniletea hata kete mpya za mti wa mninga. Najua kwamba leo pia, mkitoka humu ndani, atanisubiri pale nje karibu na kengele aniombe tena. Asisumbuke kusubiri, jua ni kali. Namjibu hapa hapa mbele yenu, naye ananisikia. Sichezi.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Mungu awatunze.